Kupiga Picha za Voliboli Ndani ya Ukumbi

Wale wenu mlio na mradi wa kupiga picha mnaijua kazi ya arusi na harambee. Watu husimama, hutabasamu, na picha ikiharibika mnawaomba wasimame tena. Mchezo hauna kusimama tena. Shule ikiwaita mpige picha za fainali ya voliboli ukumbini, na wazazi wameshatoa malipo ya kwanza, mkirudi na picha za ukungu hizo pesa itabidi zirudishwe. Kwa hiyo leo tujifunze kazi hiyo peke yake.

Kwanza tuelewe shida iko wapi. Macho yetu huzoea giza upesi, tukaona ukumbi una mwanga wa kutosha. Kamera haidanganyiki hivyo. Jua la mchana uwanjani huweza kuwa na mwanga mara mia moja au zaidi kuliko taa za ukumbi. Mkiiacha kamera ijichagulie yenyewe, itafungua shata muda mrefu ili ikusanye mwanga, pengine 1/60 ya sekunde.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme mpira umepigwa na unaenda kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde. Katika 1/60 ya sekunde utasogea sentimita 33. Mpira wenyewe una upana wa sentimita 21 hivi! Ndiyo maana kwenye picha hamuoni mpira, mnaona mstari tu. Kwa 1/500 utasogea sentimita 4, na kwa 1/1000 sentimita 2. Basi anzeni na 1/500, msishuke chini ya hapo, na mwanga ukiruhusu pandeni.

Lakini shata ikifunguka muda mfupi, mwanga unaoingia hupungua. Lazima tuurudishe, na njia ni mbili.

Ya kwanza ni tundu la lenzi. Hapa wengi huchanganyikiwa kwa sababu namba zake zinaenda kinyume: namba ndogo ni tundu kubwa. Kutoka 5.6 hadi 2.8 mwanga huongezeka mara nne. Lenzi ya kawaida inayokuja na kamera, ile ya milimita 18 hadi 55, hufika 3.5 ikiwa haijavutwa, na mkiivuta mpaka mwisho inarudi 5.6. Kwa hiyo msivute, sogeeni karibu. Kama kikundi kina akiba kidogo, maoni yetu ni mnunue lenzi ya milimita 50 yenye 1.8, hata ya mtumba, kabla ya kufikiria kamera mpya. Hiyo hupitisha mwanga karibu mara kumi kuliko 5.6.

Njia ya pili ni ISO. Tuseme picha inatoka vizuri kwa 1/125, tundu 5.6, ISO 1600. Mkitaka 1/500 mwanga utakuwa robo. Ama fungueni tundu hadi 2.8, ama pandisheni ISO hadi 6400. Picha itakuwa na chengachenga, ni kweli, lakini msiogope. Mzazi atanunua picha yenye chengachenga. Ile ambayo uso wa mtoto wake umefutika hatainunua.

Wekeni kamera kwenye herufi M, mpange hivyo vitu vitatu wenyewe. Ukumbi mwingi una madirisha upande mmoja, na kamera ikiona dirisha nyuma ya mchezaji itafanya uso wake kuwa mweusi. Fikeni mapema, mjaribu timu zikipasha misuli moto, na mkiangalia kioo cha kamera angalieni nyuso, si fulana.

Jambo lingine ni taa za mirija. Umeme wetu wa Kenya hufanya taa hizo zipepese mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini kwa 1/500 picha moja yaweza kutoka angavu na inayofuata ikawa na giza au rangi ya manjano. Kamera haijaharibika. Pigeni kadhaa mfululizo, mchague iliyo nzuri.

Flashi izimeni. Ile ndogo ya kamera haifiki mbali, na kumulika mchezaji machoni wakati anapokea mpira ni kumkosea.

Kwa fokasi, chagueni ile inayomfuata mtu anayesonga: kwenye Canon huitwa AI Servo, kwenye Nikon na Sony ni AF-C. Tumieni nukta moja ya katikati, la sivyo kamera itashika wavu na mchezaji aliye nyuma yake awe ukungu. Mkisubiri muone mkono umegonga mpira ndipo mbonyeze, mmechelewa. Bonyezeni mchezaji akifika kileleni mwa mruko wake, kwani hapo mwili husita kidogo kabla ya kushuka.

Zoezi la kikundi: ingieni darasani au ukumbi wa kanisa, watu wawili warushiane mpira. Kila mwanachama apige picha kwa 1/60, 1/250, 1/500 na 1/1000, akirekebisha ISO kila mara. Kuzeni picha kwenye kioo mlinganishe. Atakayeupata mpira bila mkia mara nyingi ndiye apewe kamera siku ya fainali, hata kama si mwenyekiti.