Reli Ndogo ya Mianzi

Luhwindja hakuna reli. Lakini watoto wa shule yetu walijenga moja ndogo kwa mianzi. Sikilizeni walivyofanya.

Walipanga vijiti vifupi chini. Hivyo ndivyo mataruma. Juu yake walifunga mianzi miwili kwa kamba za mgomba. Kisha waliweka gari dogo la mti, wakalisukuma. Lilikwenda vizuri. Lakini lilipofika mahali njia inapopinda, lilianguka. Walilirudisha, likaanguka palepale.

Mmoja akasema: «Magurudumu ni mabaya, tuyatupe.» Mwenzake akajibu: «Mbona huku nyuma yamepita? Tupime njia kwanza.» Akakata kijiti cha sentimeta 5, akakipitisha kati ya mianzi. Penye kupinda, kijiti hakikugusa mwanzi wa pili. Kamba imelegea! Wakaikaza, na gari likapita.

Kila gurudumu la gari la moshi lina ukingo upande wa ndani, usioliacha litoke njiani. Reli zikiachana, gurudumu huanguka kati. Zikibanana, ukingo hupanda juu ya reli.

Mafundi wakubwa pia hupima. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901, na nafasi kati ya vyuma vyake ni meta 1 tu njia nzima. Reli mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ina milimeta 1,435. Basi gari la moja haliwezi kupita juu ya nyingine.

Pima kwanza, ndipo utengeneze.

Maswali
1. Gari lilianguka wapi? Kwa sababu gani?
2. Kwa nini hawakutupa magurudumu?
3. Kijiti kilifanya kazi gani?