Sili ya Injini ya Mtumbwi: Jinsi ya Kupima Kina Chake Sawasawa

Ukifungua skrubu ya chini ya giaboksi ya injini ya mtumbwi na mafuta yakatoka na rangi ya maziwa, jua maji ya ziwa yameingia ndani. Mara nyingi yamepitia sili ya shafti ya propela. Katika Ghuba ya Winam, kutoka Dunga hadi Mbita, adui mkubwa wa sili hiyo ni uzi wa nailoni. Vipande vya nyavu hujizungusha kwenye shafti nyuma ya propela, hujikaza, kisha hukata mdomo wa mpira. Maji yakishachanganyika na mafuta, gia na beringi hushika kutu, na injini inaweza kuzimika mvuvi akiwa mbali na ufuo na upepo umeshaanza kuvuma.

Sili yenyewe ni kitu cha bei ndogo, na mafundi wa jua kali wa Kisumu huibadilisha kila siku. Lakini sili mpya nayo huvuja mapema ikikalishwa pasipo mahali pake. Ikizama mno, inaweza kusugua beringi au kuziba njia ya mafuta. Ikibaki juu mno, mdomo wake hukosa sehemu laini ya shafti, na kwa injini zenye sili mbili, ya pili hukosa nafasi. Ikikaa mshazari, hubana upande mmoja na kulegea upande wa pili. Kwa hiyo watengenezaji wengi huandika katika kitabu cha injini kina ambacho sili inapaswa kukaa, kwa milimita na sehemu zake. Rula haitoshi kwa kazi hiyo. Inayofaa ni kalipa ya vernia.

Chagua nyuso mbili za kupimia

Kina ni umbali kati ya uso mmoja na mwingine. Ukikosea uso, hata kalipa ya bei ghali itakupa namba ya uongo.

Uso wa kwanza ni mdomo wa tundu linalobeba sili. Egemeza kalipa kwenye sehemu iliyochongwa na mashine ikawa bapa. Usiegemeze kwenye rangi, wala kwenye ukingo uliokatwa mshazari ili sili iingie kwa urahisi, wala mahali palipopigwa nyundo pakavimba. Safisha kwa mafuta ya taa, pangusa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na uondoe ncha kali kwa msasa laini.

Uso wa pili ni sili yenyewe. Gusa pete yake ya nje iliyo ngumu, usiguse mdomo wa mpira. Mpira hubonyea, na kila ukipima utapata namba nyingine.

Kagua kalipa kabla ya kuiamini

Kijiti chembamba kinachotokeza mkiani mwa kalipa ndicho cha kupimia kina. Simamisha mkia wa kalipa juu ya kipande cha kioo kinene kilicho safi, ukisukume kijiti mpaka kiguse kioo. Isomeke sifuri. Ikisoma 0.04, andika kosa hilo na ulitoe katika kila kipimo kitakachofuata.

Taya zake zikague kwa beringi mpya kutoka kwa muuzaji unayemwamini. Beringi namba 6204 ina tundu la milimita 20, kipenyo cha nje cha 47 na unene wa 14. Tumia kipenyo cha nje. Kwa beringi ya daraja la kawaida, kipenyo hicho hakipungui zaidi ya takriban milimita 0.01, ilhali unene unaruhusiwa kupungua hadi 0.12. Unene, basi, haufai kuwa kipimo cha kukagulia. Kalipa ikionekana kudanganya, au ikiwa karakana hupokea kazi zinazodai ushahidi wa vipimo, iulize KEBS, Shirika la Viwango la Kenya, kuhusu huduma ya kuhakiki vifaa vya kupimia.

Kusoma vernia

Mfaransa Pierre Vernier alieleza skeli ya vernia mwaka 1631, na usomaji wake haujabadilika. Kwanza soma milimita kamili kwenye skeli kuu, zile zilizopitwa na sifuri ya skeli ndogo inayoteleza. Kisha tafuta mstari wa skeli ndogo uliolingana kabisa na mstari wowote wa skeli kuu. Kwa kalipa ya 0.05, sifuri ikiwa imepita 7 na mstari wa 13 ukalingana, zidisha 13 kwa 0.05 upate 0.65. Kina ni milimita 7.65. Tazama skeli ukiwa umeielekea moja kwa moja, kwa sababu ukiitazama kwa pembeni utachagua mstari wa jirani.

Pima pande nne

Mkia wa kalipa ni mwembamba na huyumba. Ukiwa na kipande cha chuma kilichonyooka na chenye unene unaoujua, kilaze juu ya tundu kama daraja, pima kutoka juu yake, kisha toa unene wake. Kijiti kikiwa na pengo lililokatwa nchani, elekeza upande huo kwenye ukuta wa tundu ili kona isikizuie kufika chini.

Sasa pima mahali panne: juu, kulia, chini na kushoto. Tuseme, kwa kalipa yenye skeli laini zaidi ya ile ya 0.05, umepata 7.62 juu, 7.68 kulia, 7.60 chini na 7.54 kushoto. Wastani ni 7.61, na ukiishia hapo utadhani kazi iko sawa. Ila kulia na kushoto pamepishana kwa 0.14, maana yake sili imezama zaidi kulia. Kipimo kimoja kisingekuonyesha hilo. Kila mahali pima zaidi ya mara moja, ukiinua kalipa na kuirudisha. Namba zikikataa kukubaliana, tafuta uchafu au mkono unaoegemea upande.

Kabla ya kung'oa na wakati wa kupachika

Pima sili ya zamani kabla ya kuigusa kwa bisibisi, na uandike midomo yake imeelekea wapi. Linganisha na kitabu cha injini ya aina hiyohiyo, kwani huenda aliyetangulia aliikosea. Pitisha ukucha juu ya shafti pia. Ukihisi mfereji uliochimbwa na sili ya zamani, mdomo mpya hautakaza hapo. Kama kitabu kinaruhusu na njia ya mafuta haizibwi, sili inaweza kusogezwa kidogo ifikie chuma kizima. Kisiporuhusu, shafti ndiyo inayohitaji kurekebishwa au kubadilishwa.

Paka grisi kwenye mdomo, kisha isukume sili kwa bomba lenye kipenyo kinachokaribia kile cha sili, ili nguvu ienee kwenye pete yote. Simama kabla hujafika, upime pande nne, ugonge kidogo palipo juu, upime tena. Kuizamisha zaidi ni rahisi, lakini kuirudisha juu kwa kawaida huiharibu, na utalazimika kununua nyingine.

Joto la mchana wa Kisumu lisikusumbue. Vipimo vya uhandisi hurejelea nyuzi 20, lakini milimita 10 za alumini zikipanda nyuzi 10 zaidi hurefuka kwa takriban 0.002 tu, ambayo kalipa haiwezi kuiona. Kama umepasha nyumba ya sili moto ili sili iingie, hilo ni jambo jingine: ngoja ipoe ndipo upime mara ya mwisho.

Jaza mafuta mapya kupitia tundu la chini hadi yatokee la juu, na baada ya safari chache yakague rangi. Mafuta machafu yakusanye kwenye mtungi, usiyamwage ziwani. Sehemu ya maji ya bomba ya Kisumu huchotwa ziwani karibu na Dunga, na vinamasi vya hapo ni mazalio ya samaki.

Mwenye mtumbwi aulize nini

Unapochukua injini yako, mwombe fundi akuandikie mambo matatu: kina kinachotakiwa kitabuni, vipimo vinne alivyopata, na tofauti kati ya kikubwa na kidogo. Fundi aliyepima atayaandika papo hapo. Itunze karatasi hiyo pamoja na stakabadhi ya sili, kwa sababu mafuta yakibadilika rangi tena, fundi atakayefuata ataanzia kwenye namba badala ya kubahatisha.