MFUPA UKIVUNJIKA, BANZI LISIKAZWE MNO

Katika pwani ya Barani, tangu Mtwapa na Kilifi hata Malindi na Mambrui, miti ni riziki ya watu. Mgema hukwea mnazi asubuhi na jioni, na watoto hupanda miembe na mikorosho wakati wa matunda. Lakini akweaye huweza kuanguka, na siku hizi pikipiki za abiria nazo zimeongeza idadi ya wanaovunjika mifupa. Yafaa kila mtu ajue jinsi mfupa uliovunjika unavyotambuliwa, jinsi unavyopona, na jambo moja liwezalo kumpotezea mtu mkono wake hali mfupa wenyewe ulikuwa wa kupona.

KUTAMBUA

Mfupa uliovunjika huuma na kuvimba, na mara nyingi kiungo hupinda au hukataa kutumika. Walakini si kila mara. Yawezekana mtu akatembea na mfupa wenye ufa. Kwa sababu hiyo daktari hutumia picha ya eksirei, ambayo miale yake iligunduliwa na Mjerumani Wilhelm Röntgen mwaka 1895. Hupigwa picha mbili, ya mbele na ya ubavuni, maana ufa usioonekana upande mmoja huonekana upande wa pili.

Mgema aliyeanguka akatua kwa miguu hulalamikia visigino. Lakini nguvu ya kuanguka hupanda hata mgongoni, na pingili ya uti wa mgongo huweza kuvunjika pia. Mtu huyo asikalishwe wala asiinuliwe kwa kushikwa makwapa. Watu kadhaa wamgeuze kwa pamoja kama gogo, wamlaze juu ya ubao au mlango, ndipo achukuliwe.

KUPONA

Mfupa hujiunga wenyewe. Kazi ya tabibu ni kuunyosha na kuutuliza. Mkono wa mtoto huhitaji wiki chache tu, bali paja la mtu mzima huhitaji miezi mitatu au zaidi. Hospitalini kiungo hufungwa kwa plasta, au mguu huvutwa kwa uzito, au daktari wa upasuaji hutia chuma cha kuushika mfupa. Ikiwa ngozi imepasuka juu ya mfupa uliovunjika, mgonjwa asingoje hata usiku mmoja. Uchafu ukiingia mfupani, usaha huweza kutoka kwa miaka mingi.

HATARI YA KUKAZA

Vijijini wako wazee waungao mifupa kwa banzi na kamba, na ustadi huo si wa kudharauliwa. Hata Ulaya mambo yalianza hivyo. Evan Thomas wa Liverpool, Uingereza, alikuwa mwunga mifupa kwa kurithi. Mwanawe, Hugh Owen Thomas, akasomea udaktari, akatengeneza banzi la chuma la mguu. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya 1914 hadi 1918 banzi hilo lilipunguza sana vifo vya askari waliovunjika mapaja.

Hatari haimo katika banzi, imo katika kukaza. Mtoto aangukaye mwembeni hutanguliza mkono, na mfupa huvunjika juu kidogo ya kiwiko, karibu na mshipa mkubwa wa damu. Mkono huvimba kwa siku moja au mbili. Ikiwa kamba haina nafasi, uvimbe hubana ndani, damu haifiki, na misuli huanza kufa baada ya saa chache. Mwaka 1881 daktari wa Kijerumani, Richard von Volkmann, alieleza jinsi mkono uliofungwa hivyo unavyokauka na vidole kukunjamana kama makucha. Wengine huoza hata ikabidi kukatwa.

Dalili zake ni hizi:

1. Maumivu makali yazidiyo badala ya kupungua, hasa vidole vinaponyoshwa.
2. Ganzi au michomo vidoleni.
3. Vidole kuwa baridi, na kucha kupauka au kugeuka rangi ya samawati.
4. Vidole kushindwa kujongea.

Dalili ya kwanza hutangulia. Hizo nyingine zisingojwe. Mtoto aliaye usiku kucha baada ya kufungwa asiambiwe avumilie. Kamba na vitambaa vyote vilegezwe mara moja, mkono uwekwe usawa wa moyo, na mtoto apelekwe hospitali ya Kilifi, ya Malindi, au iliyo karibu zaidi, usiku huo huo. Huko, ikiwa kulegeza hakukutosha, daktari hupasua ngozi na utando unaobana misuli ili damu ipite. Plasta ya hospitali nayo huweza kubana vivyo hivyo. Mwenye dalili hizi arudi siku ile ile, asingoje tarehe aliyopewa.

Mfupa uliounga vibaya huweza kunyoshwa baadaye kwa upasuaji. Misuli iliyokufa hairudi.

MASWALI

1. Kwa nini mgema mwenye maumivu ya visigino asikalishwe?
2. Ni dalili gani inayotangulia zote damu inapozuiwa?
3. Taja mambo matatu ya kufanya mara dalili hiyo ionekanapo.