Subira ya Aliyevunjika Mguu

Tumeulizwa katika darasa yetu ya Pumwani: mtu aliyevunjika mguu, akaamrishwa na daktari kuvifanyisha viungo vyake mazoezi kila siku, naye akayaacha kwa maumivu na kusema, "Nimeshamwachia Mungu," je, amefanya vyema?

Swali hili si dogo. Tangu serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya pikipiki ndogo mwaka 2008, bodaboda zimeenea mitaa yote ya mashariki ya Nairobi, kutoka Majengo na Shauri Moyo hata Kayole na Dandora, na ni shida kuupata mtaa usio na kijana wake aliyelala kwa mguu. Ndugu zetu wa Mombasa na Malindi hawana haja ya kuelezwa. Yao ni hayo hayo.

Twasema: hiyo si tawakkul. Mtu alipomuuliza Mtume (s.a.w.) kama amwache ngamia wake bila kamba na amtegemee Mungu, aliambiwa amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Na subira iliyosifiwa ni ya mwenye kulistahimili jambo akilitenda, wala si ya mwenye kulikimbia akaliita subira. Mwili ni amana, na amana haitupwi kitandani.

Matabibu watueleza jambo ambalo wengi wetu twaghafilika nalo. Musuli usiotumika huanza kupungua nguvu katika siku chache, na ule wa mbele ya paja hutangulia. Kiungo kilichofungwa muda mrefu hukakamaa. Damu ya mguu usiosogea yaweza kuganda, na donge lake likipanda mapafuni laweza kuua. Mfupa wa muundi kwa mtu mzima huchukua kiasi cha miezi 3 hadi 6 kuunga, na pengine zaidi. Basi mwenye kungoja mpaka uunge ndipo ajisogeze, mfupa utamngoja yeye.

Twamjua kijana wa Majengo aliyelala miezi minne. Mama yake, kwa mapenzi, alimlisha, akamwosha, akamkataza hata kuinua mguu. Picha ilipopigwa mfupa ulikuwa umeunga vizuri, lakini goti halikukunjika, na paja limekonda kama mkono. Ilimchukua karibu mwaka kurudi katika kazi yake ya kubeba mizigo Gikomba, na kwa muda wote huo nyumba ilikula kwa deni. Katika mguu wa plasta palifungwa hirizi, yenye kulipiwa pesa ambazo zingetosha nauli ya kwenda kliniki. Hili la hirizi tumelisema mara nyingi, na tutaendelea kulisema.

Mazoezi yenyewe si ya wapiganaji wa ndondi wa Kaloleni. Mgonjwa, akipewa ruhusa na daktari wake, hunyoosha mguu akaukaza musuli wa paja kana kwamba analisukuma goti katika godoro, akahesabu mpaka 5, akalegeza. Akarudia mara 10, na hivyo mara kadha kwa siku. Huchezesha vidole na kifundo. Mguu mzima na mikono havikuvunjika, navyo vifanye kazi, kwani ndivyo vitakavyobeba magongo. Maumivu ya kunyooka ni ya kawaida. Maumivu makali yanayozidi, au shavu la mguu kuvimba na kuwa moto, ni ya kurudishwa hospitali siku ile ile. Tena ale maharagwe, mayai, maziwa na omena, na aache sigara, kwani imethibiti kuwa huchelewesha mfupa kuunga.

Ugumu mkubwa, lakini, si wa mguu. Ni wa moyo, khasa mwezi wa pili, wageni wanapopungua. Wengi wetu huenda kumzuru mgonjwa tukasikitika, tukasema amri ya Mungu, tukanywa chai, tukaondoka. Afadhali mgeni amshike mkono watembee pamoja: wiki hii mpaka mlangoni, wiki ijayo mpaka uani penye bomba la maji. Mtu akiona jana alifika wapi, leo hutaka kuzidisha.

Wengi wamsikia Douglas Sidialo. Bomu la tarehe 7 Agosti 1998, lililoua watu zaidi ya 200 katikati ya Nairobi, mwendo mfupi tu kutoka Muthurwa, lilimpofusha macho yote mawili. Mwaka 2005 alipanda Kilimanjaro. Hatumtaji ili kila mgonjwa atafute mlima. Twamtaja kwa ile miaka saba ya katikati, ambayo hakuna aliyempigia makofi.

Na kwa Mwislamu, kipimo kipo mara tano kwa siku. Imran bin Huswain alipougua aliamrishwa asali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Watu huishika ile ruhusa wakausahau ule mpango wake. Aliyesali kwa kukaa mwezi uliopita ajaribu leo, kwa idhini ya tabibu wake. Ashike ukuta au gongo, asimame kwa takbira na Fatiha. Akilemewa akae, na rakaa zilizobaki azimalize amekaa. Thawabu yake haipungui. Kesho, akiweza, asimame rakaa nzima.