Simu, Darasa na Jibu la Kuazima



Katika shule yetu mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu, darasani wala bwenini. Huenda basi mtu akashangaa kumwona mwanafunzi wa kidato cha sita akiandika juu ya kujifunza kwa simu. Lakini kila likizo sisi sote hurudi nyumbani, na huko simu ya baba au ya dada huwa darasa letu la pili. Nataka kueleza niliyojifunza katika darasa hilo, na hasa kosa moja ambalo mimi mwenyewe nililianzisha, ili wadogo zetu wanaotufuata wasilirudie.

Nianze na mwaka 2020. Mwezi wa Machi mwaka huo shule za Rwanda zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na shule za msingi na sekondari hazikuanza kufunguliwa mpaka mwezi wa Novemba. Mimi nilikuwa kidato cha kwanza, mtoto wa miaka 13. Wakuu wa elimu walitoa masomo kwa redio na televisheni, na mengine wakayaweka katika intaneti. Nyumbani kwetu Nyamirambo tulitegemea redio. Mimi na dada yangu tuliketi mbele yake na madaftari yetu kila siku. Masomo yalikuwa mazuri, lakini redio ina upungufu mmoja: husema, wala haisikii. Mwalimu akiuliza, "Mmeelewa?" sisi tulijibu kwa sauti, "Hapana!" naye akaendelea mbele. Mama alicheka sana, lakini sisi tulibaki na ujinga wetu.

Ndiyo maana tulifurahi mwalimu wetu wa fizikia alipofungua kundi la WhatsApp kwa ajili ya masomo ya likizo. Hii, tulisema, ni redio yenye masikio. Mwalimu anauliza, nasi twaweza kujibu. Sisi twauliza, naye aweza kujibu.

Likizo ya Krismasi alitupelekea swali hili: Jiwe limerushwa juu wima kwa mwendo wa mita 20 kwa sekunde. Uvutano wa dunia huupunguza mwendo huo kwa mita 10 kwa sekunde, kila sekunde. Je, jiwe litapanda mita ngapi? Na lifikapo juu kabisa, mchapuko wake ni kiasi gani? Mchapuko ni kiasi cha kubadilika kwa mwendo kila sekunde. Alitaka kila mmoja afanye kazi hiyo katika daftari lake, alilete siku ya kufungua shule.

Mimi nilikuwa nikihesabiwa kuwa hodari wa fizikia. Usiku uleule nilifanya hesabu, nikapiga picha ukurasa wangu, nikaupeleka katika kundi. Niliandika kwamba jiwe litapanda mita 20, na kwamba likifika juu kabisa limesimama, kwa hiyo mchapuko wake ni sifuri. Wenzangu walinishukuru kwa alama nyingi za kidole gumba. Nililala nikijiona mtu mkubwa.

Shule ilipofunguliwa mwalimu alikusanya madaftari. Baada ya siku mbili aliingia darasani, akayaweka mezani, akasema, "Nimesahihisha daftari moja mara 31." Hakuna aliyecheka. Kisha aliokota kipande cha chaki, akakirusha juu, akakidaka. Akauliza, "Kama mchapuko ni sifuri pale juu, chaki hii imerudije mkononi mwangu?"

Ndipo nilipoona kosa langu. Kitu kilichosimama, na ambacho mwendo wake haubadiliki, kitaendelea kusimama. Kama jibu langu lingekuwa kweli, jiwe lingebaki likining'inia hewani hata leo. Ukweli ni kwamba huko juu mwendo wake ni sifuri kwa nukta moja tu, lakini uvutano haupumziki. Mchapuko ni uleule wa mita 10 kwa sekunde kila sekunde, kuelekea chini, tangu jiwe linapoachwa mpaka linaporudi.

Katika madaftari yale, moja lilikuwa tofauti kabisa. Lilikuwa la mwenzetu atokaye Rulindo, ambaye kwao hawana simu ya intaneti. Sitawadanganya kwa kusema kwamba yeye alipata yote. Naye alikosa: aliandika kwamba jiwe lilipanda mita 40. Lakini mwalimu alipotazama hesabu yake aliona mara moja kosa lilipoingia. Alijua kwamba jiwe hupanda kwa sekunde 2, akazidisha 20 kwa 2, akasahau kwamba mwendo unapungua kutoka 20 mpaka sifuri. Wastani wake ni 10, na 10 mara 2 ni mita 20. Mwalimu alimweleza kwa dakika chache, naye akaelewa mpaka leo.

Hapo nilijifunza jambo ambalo sikulisoma katika kitabu. Kosa lake lilikuwa lake mwenyewe, kwa hiyo mwalimu aliweza kulitibu, kama daktari anavyomtibu mgonjwa aliye mbele yake. Makosa yetu 31 yalikuwa ya kuazima. Hata nusu ya kwanza ya jibu letu, iliyokuwa sahihi, haikumwonyesha mwalimu nani ajuaye na nani asiyejua. Mimi nilidhani nawasaidia wenzangu, kumbe nilikuwa nimemfunga mwalimu macho. Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri.

Basi, tuliacha kundi? Hapana. Tulibadilisha desturi yake, na desturi hiyo ndiyo ninayotaka kuwashauri wengine.

Kwanza, swali hutoka kwa mwalimu kwenda kundini, lakini jibu halipiti kundini. Kila mwanafunzi hufanya kazi kwa mkono wake, hupiga picha ukurasa wote, pamoja na mistari aliyoikata, na kumpelekea mwalimu peke yake kabla ya Jumamosi jioni.

Pili, Jumapili mwalimu huchagua makosa mawili au matatu, huyaandika kundini bila jina la mtu, na kuuliza, "Nani aweza kuonyesha kosa lilipoingia?" Hapo ndipo tunapojadiliana. Sasa mazungumzo yana faida, maana kila mtu amekwisha kujaribu.

Tatu, hatupeleki video, kwa sababu hula fedha nyingi za wazazi. Picha moja na maneno ya sauti ya dakika moja hutosha.

Nne, asiye na simu hasahauliwi. Yule mwenzetu wa Rulindo huenda kwa katekista wa kijiji chao mara moja kwa juma. Katekista hupiga picha ukurasa wake na kuupeleka. Kazi hiyo haichukui hata dakika tano.

Hii si njia yetu peke yetu. Nchini Kenya kampuni iitwayo Eneza Education, iliyoanzishwa mwaka 2011, ilifundisha watoto kwa ujumbe mfupi katika simu ndogo zisizo na intaneti. Mtoto hupewa somo fupi, kisha maswali, naye akijibu huambiwa papo hapo kama amepata au amekosa. Huko Marekani, Salman Khan alianza mwaka 2004 kumfundisha binamu yake hesabu kwa mbali, na mwaka 2006 akaanza kuweka masomo yake YouTube; leo watu wa nchi nyingi huyatazama. Lakini angalia vema: alianza na mwanafunzi mmoja aliyekuwa amekwama, ambaye aliweza kumwuliza.

Chombo kingine kimetusaidia katika chumba cha kompyuta. Mwaka 2002, katika Chuo Kikuu cha Colorado, Carl Wieman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2001, alianzisha kazi iitwayo PhET. Ni michoro inayotembea ya majaribio ya sayansi, nayo hutolewa bure. Mwalimu aweza kuihifadhi katika kompyuta na kuitumia hata siku ambayo mtandao haupo. Mmoja wa michoro hiyo huonyesha kitu kilichorushwa angani, na mishale miwili juu yake: mmoja wa mwendo, mwingine wa mchapuko. Tuliona kwa macho yetu kwamba kitu kikipanda, mshale wa mwendo wa kwenda juu hufupika mpaka hutoweka, na mshale wa mchapuko haubadiliki hata kidogo. Lakini kabla ya kutuonyesha, mwalimu alitutaka kila mmoja aandike anachotazamia kukiona. Bila hivyo tungeitazama kama sinema.

Tena kuna programu za akili bandia. ChatGPT ilitolewa mwezi wa Novemba 2022, na tangu hapo mtu aweza kupata jibu refu kwa nukta chache bila kumsumbua rafiki. Mimi siichukii. Lakini yapasa tukumbuke kwamba jibu la mashine nalo ni la kuazima, na mara nyingine lina makosa, tena yaliyoandikwa kwa lugha nzuri kuliko langu. Aliyejaribu kwanza aweza kuliona kosa. Asiyejaribu atalinakili.

Ndugu zangu wanafunzi, mwaka huu mimi na wenzangu tutakalia mtihani wa taifa. Katika chumba kile hakuna kundi, wala katekista, wala kidole gumba. Kila mtu ataingia na alichonacho kichwani. Katika jaribio letu la mwisho mimi, niliyeitwa hodari, nilipata 11 kwa 20. Ni alama ndogo kuliko nilizozizoea, lakini makosa yangu 9 nayajua moja moja, na kila jioni napambana nayo.

Nanyi wazee wetu mliopitia shule hii, ambao sasa ni mainjinia, wauguzi na walimu huko Kigali na kwingineko, twawashukuru kwa misaada yenu. Naomba jambo moja tena, lisilogharimu fedha nyingi. Mwalimu mmoja hawezi kusoma kurasa zetu zote kila Jumamosi. Kama mkiweza kumpa saa moja kwa juma, someni kurasa chache pamoja naye. Lakini tafadhali, mkiona tumekosa, msitupe jibu. Tuulizeni tu, "Jiwe limerudije?"