Mwajiri Wako ni Nani? Somo kwa Wanaopata Kazi kupitia Mawakala wa Ajira

Msimu wa pamba unapofika, viwanda vya kuchambua pamba mkoani Simiyu huhitaji watu wengi kwa muda mfupi: wapakuzi, wapakiaji, wahudumu wa mashine na walinzi. Kijana wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima au Busega anaweza kuitwa na kiwanda chenyewe, au akapitia kwa mtu wa kati anayejitambulisha kuwa wakala wa ajira. Somo hili linamhusu huyo wa pili. Tunataka akilimaliza aweze kujibu swali moja bila kusita: mwajiri wangu ni nani?

Pande tatu

Katika ajira ya kawaida pande ni mbili, mwajiri na mwajiriwa. Wakala anapoingia, pande huwa tatu. Wakala hupokea maombi, huyachambua na kumuunganisha mtafuta kazi na kampuni yenye nafasi. Hiyo ni huduma halali, mradi wakala awe na leseni inayotolewa chini ya Sheria ya Huduma za Ajira ya mwaka 1999.

Tatizo huanza wakala anapobaki katikati baada ya kazi kupatikana. Kwa miaka mingi nchini mwetu kampuni za uwakala ziliajiri watu kwa jina lao na kuwakodisha kwa kampuni nyingine. Mfanyakazi aliamka kwenda kiwandani, akaongozwa na mnyapara wa kiwanda, lakini mshahara ukatoka kwa wakala baada ya kukatwa sehemu yake. Alipodai haki, kiwanda kilimwambia aende kwa wakala. Wakala naye akamrudisha kiwandani. Mwaka 2014 Serikali ilipiga marufuku mtindo huo, na Kanuni za mawakala binafsi zilizotolewa mwaka huo zikamrudisha wakala kwenye kazi yake ya kuunganisha. Anayekutumia kazini ndiye anayepaswa kukuajiri.

Ada halipi mtafuta kazi

Gharama ya huduma ya wakala hulipwa na kampuni inayotafuta watu. Kanuni hizo zinamkataza wakala kumtoza mtafuta kazi. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, nao umeweka msingi huo huo. Kwa hiyo “pesa ya fomu”, “pesa ya usaili” au “mshahara wa mwezi wa kwanza uniachie” ni dalili kwamba uko mbele ya kishoka. Usilipe. Omba kuona leseni, na uandike namba yake.

Kwa nini jina la mwajiri lina uzito

Wengi hudhani jina lililoandikwa juu ya mkataba ni jambo dogo maadamu fedha zinalipwa. Sivyo. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, haki nyingi huhesabiwa kwa muda uliofanya kazi kwa mwajiri yule yule.

Kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri mmoja, iwe kwa mkataba mmoja au zaidi. Kiinua mgongo, ambacho ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika hadi kufikia miaka 10, humhitaji mtu aliyetimiza angalau miezi 12 mfululizo. Ukisaini miezi mitatu kwa jina la wakala, kisha mitatu kwa jina la kiwanda, hesabu yako inaweza kuanza upya ingawa hukuhama mashine wala ghala. Kwa hiyo soma jina hilo kila unapopewa karatasi mpya.

Tuchukue mfano wa michango ya NSSF. Mfanyakazi analipwa Sh 300,000 kwa mwezi. Hukatwa asilimia 10, yaani Sh 30,000, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Kila mwezi Sh 60,000 zinapaswa kufika NSSF. Kwa miezi 4 ya msimu ni Sh 240,000. Wakala akidhani kiwanda kimepeleka, na kiwanda kikidhani wakala amepeleka, mfanyakazi ndiye anayepoteza akiba hiyo. Usisubiri msimu uishe. Omba taarifa ya michango yako NSSF baada ya mwezi wa pili.

Kagua kabla ya kusaini

1. Jina la mwajiri, kazi utakayofanya, mahali na tarehe ya kuanza.
2. Mshahara na siku ya malipo.
3. Saa za kazi: zisizidi 45 kwa wiki. Saa za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida.
4. Makato yote, kila moja kwa jina lake. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ni wa mwajiri peke yake, usikatwe.
5. Nakala yako ya mkataba. Itunze nyumbani, si kiwandani.

Usipopewa maandishi, bado una haki. Shauri likifika mbele ya sheria na mwajiri akashindwa kuonyesha mkataba, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa ni wake. Hata hivyo andika mwenyewe katika daftari siku ulizofanya kazi, saa na fedha ulizopokea.

Mgogoro ukitokea

Anza kwa kudai kwa maandishi. Ukiona huna jibu, mwone Afisa Kazi, au fungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) kwa kujaza fomu Na. 1. Anayelalamikia kuachishwa kazi ana siku 30. Migogoro mingine ina siku 60. Siku hizo haziongezeki kwa sababu wakala na kiwanda wanakurusha huku na huko. Ukiwa na shaka nani mwajiri, wataje wote wawili katika fomu, ueleze nani alikusainisha, nani alikuongoza na nani alikulipa.

Jipime

Je, unaweza kutaja sasa hivi, bila kuuliza, jina la mwajiri wako na tarehe ya kuanza kazi? Je, karatasi inayothibitisha hayo iko wapi? Kama huna majibu, yatafute wiki hii, ungali kazini.