Rais Mupya na Nira ya Zamani: Nabii Atasema Nini?

Somo la kujifunza pamoja
Maandiko ya kusoma: 1 Wafalme 12:1-24, Yeremia 18:7-10, Kumbukumbu la Torati 18:20-22



Kila mara rais mupya anapoingia, watu wa Kolwezi wanakuja kanisani na ulizo moja: «Mutumishi, Roho anasema nini? Inchi itatembea?» Ilikuwa hivyo Mei 1997, wakati Laurent-Désiré Kabila alichukua mahali pa Mobutu. Ilikuwa hivyo Januari 2001, alipouawa na mutoto wake Joseph akaingia. Ilikuwa hivyo Januari 2019, kwa Félix Tshisekedi. Katiba ya mwaka wa 2006 inasema kwamba muhula wa rais ni miaka 5, na unaweza kurudiliwa mara moja tu. Basi ulizo hilo litarudi, na ni vizuri tujitayarishe mbele.

1. Tuungame kwanza

Sisi ni kanisa la unabii, hatuwezi kuzarau maono. Lakini tuseme kweli. Mwaka wa 1997 tulikuwa vijana. Katika mikutano yetu wengine walisimama na kutabiri kwamba kazi za mugodi zitafufuka, na posho ya unga itarudi mbele ya Noeli. Kuna wazazi wenye hawakulima shamba mwaka ule, walikuwa wanangojea. Mvua ikanyesha juu ya majani. Noeli ikafika, gunia halikufika. Hakuna mutu aliyesimama tena kusema: «Tulikosea.» Watoto ndio walilipa, kwa njaa. Musa anatufundisha kwamba neno lenye halitimii halikutoka kwa Bwana. Tunaomba musamaha kwa jamaa hizo, hata kama miaka imepita.

2. Mambo yenye macho yetu yaliona

Gécamines haikuanguka siku moja. Katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 sehemu ya mugodi wa Kamoto ikaporomoka chini ya udongo. Mwaka wa 1994 shaba ilikuwa chini ya tani 50,000. Kwa hiyo rais wa 1997 aliingia katika nyumba yenye nguzo zilikuwa zimekwisha kuvunjika. Kuanzia mwaka wa 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini kwa ile mipango iliyoitwa ya hiari.

Kisha shaba ikarudi. Mwaka wa 2023 inchi yetu ilitoa zaidi ya tani milioni 2, nyingi kutoka Lualaba na Haut-Katanga. Mwenye alitabiri kwamba shaba imekufa alikosea. Mwenye alitabiri kwamba shaba ikirudi kila nyumba itashiba, naye alikosea. Muchimbaji anayeshuka katika shimo kwa kamba anajua jambo hilo kuliko sisi.

3. Mufalme mupya na siku tatu

Sulemani alipokufa, watu walimwendea Rehoboamu kule Shekemu. Hawakuomba muujiza. Waliomba nira ya kazi ipunguzwe. Akaomba siku tatu. Wazee wakamushauri awe mutumishi wa watu na aseme nao kwa upole. Vijana aliokua pamoja nao wakamushauri aongeze uzito. Akasikiliza vijana, na makabila kumi yakaondoka.

Tuangalie vizuri: inchi ilipasuka kwa sababu ya sikio la mufalme. Ndiyo, nabii Ahiya alisema mbele, lakini Rehoboamu alichagua mwenyewe. Kwa hiyo ukitaka kujua namna inchi itakavyokwenda, uliza: rais anasikiliza nani? Nira ya mufanyakazi imepungua ao imeongezeka?

4. Musipigane na ndugu zenu

Rehoboamu alikusanya wapiganaji 180,000. Nabii Shemaya akawakataza kupigana na ndugu zao, nao wakarudi nyumbani. Huo ndio unabii wa maana kuliko wote katika sura hiyo, na haukutaja kiti cha mufalme hata kidogo.

Sisi wa Kolwezi tunajua sababu. Mwaka wa 1992 na 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika Katanga. Walilala kwenye gari la moshi na kwenye stasyo wakingojea safari, na wengi walikufa. Kati ya waliofukuza kulikuwa watu waliobatizwa. Shemaya wetu alikuwa wapi? Hata leo, rais akitoka upande huu, wengine wanasema: «Sasa ni zamu yetu», wengine wanaogopa. Ono lenye linapandisha kabila moja juu ya lingine, tusilipokee, hata kama mwenye kulileta anatetemeka na kulia.

5. Basi, tuseme nini?

Mungu alimwonyesha Yeremia kwamba neno juu ya taifa lina «kama» ndani yake: likigeuka, mabaya yanaondolewa, likiasi, mema yanaondolewa. Nabii asitangaze tarehe wala jina la mushindi wa uchaguzi. Aseme kwa mukubwa namna Natani alivyosema kwa Daudi. Simon Kimbangu alianza kazi yake mwaka wa 1921, akafungwa miaka 30, akafa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1951. Serikali haikumulipa kwa maono yake.

Na sisi tuombee wenye mamlaka (1 Timoteo 2:1-2), tuchague kwa zamiri safi, na mvua ikianza tulime shamba, rais yeyote awe kwenye kiti.

Maulizo ya kuzungumuza
– Unabii gani juu ya inchi uliwahi kutimia, na gani haukutimia? Nani aliulizwa?
– Kuna jirani uliyemukosea kwa sababu ya kabila? Utamwendea lini?

Bwana awabariki. Amina.